Nilibadilisha jibu ubaoni, darasa likabaki lile lile. Elimu tunaikomboa kwa kuanzia wapi?

MLETA UZI

Wakuu, habari za jioni. Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara mbili wiki hii. Leo nauacha uende, mnisaidie kufikiri.

Mimi ni mwalimu wa historia, huu ni mwaka wa 14 kazini. Nilipokuwa mwanafunzi niliulizwa swali ambalo wengi wenu pia mliulizwa: nani aligundua Mlima Kilimanjaro? Jibu lilikuwa Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani, mwaka 1848. Nikanyoosha mkono nikauliza: kwani waliokuwa wanaishi pale miteremkoni walikuwa hawauoni? Nikaambiwa nikae, niandike jibu kama lilivyo, kipindi kinaisha. Nikaandika, nikapata vema yangu. Lakini swali lile halikunitoka. Nilikuwa nalo hadi chuoni, na nadhani ndilo lililonipeleka kwenye ualimu wa historia.

Sasa sikilizeni nilichokifanya mimi mwenyewe. Muhula huu nilifika kwenye mada ile ile, nikajiambia siku yangu imefika. Nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa kwamba Rebmann hakugundua kitu, Wachaga walikuwa wakiishi na mlima wao karne nyingi kabla hajazaliwa. Nikaeleza kwa hisia zote. Nilipogeuka, watoto 52 wameinama wananakili. Kimya kabisa. Kisha msichana mmoja wa dawati la mbele akaniuliza, kwa adabu zote: "Mwalimu, hii itatoka kwenye mtihani?"

Wakuu, sentensi ile imenikaa kooni mpaka leo. Nilikuwa nimebadilisha jibu tu. Mwenye jibu alibaki kuwa mimi, mwenye swali alibaki kuwa mimi, na wao walibaki makarani wangu. Mwakani akija mwalimu mwingine akawaandikia tofauti, watafuta na kuandika hilo jipya, bila ugomvi wowote moyoni.

Ndiyo maana nikisikia watu wanazungumzia kuondoa ukoloni katika elimu, kisha orodha yao yote ikawa ngoma siku ya mahafali, vazi la asili siku moja kwa wiki na sura moja ya mashujaa wetu kitabuni, naingiwa na wasiwasi. Vitu hivyo navipenda, naomba nisieleweke vibaya. Ila mtoto anaweza kuipiga ngoma vizuri sana na bado akaamini kwamba maarifa hutoka mahali pengine, mwalimu anayashusha, naye kazi yake ni kuyapokea bila kuyadondosha.

Aliyelieleza jambo hili kwa namna inayonigusa ni Paulo Freire, Mbrazili aliyezaliwa Recife mwaka 1921. Elimu ya aina yangu aliifananisha na benki: mwalimu anaweka, mwanafunzi anatunza, siku ya mtihani mwalimu anakuja kutoa alichoweka. Mwaka 1963, katika mji mdogo wa Angicos kaskazini-mashariki mwa Brazili, yeye na wenzake walifundisha wafanyakazi wapatao 300 kusoma na kuandika kwa takriban saa 40 za masomo. Watu wakimtaja Freire huitaja namba hiyo na kuishia hapo. Kinachonivuta mimi ni jinsi walivyoanza.

Walianza na picha, herufi zikasubiri. Kwenye picha ya kwanza kuna mtu, jembe, kisima, nyumba, mti. Mwezeshaji anauliza: kisima hiki kakichimba nani? Kwa sababu gani? Kwa kutumia nini? Na mti je, nao kautengeneza nani? Mkulima aliyeitwa mjinga maisha yake yote anajikuta anaeleza kwamba kisima ni kazi ya mtu kama yeye, aliyeona shida ya maji, akafikiri, akachimba. Hicho ndicho walichokiita utamaduni: chochote ambacho binadamu amekiongeza juu ya alichokikuta. Kwa hiyo kabla hajaijua "a", mtu yule ameshajitambua kuwa naye ni mtunzi wa utamaduni.

Ndipo linakuja neno, nalo limeokotwa kwenye mazungumzo yao wenyewe. Tijolo, yaani tofali. Kwanza wanalizungumza: nani anafyatua tofali, nani anajenga nyumba za wengine na mwenyewe hana pa kulala? Kisha wanalipasua: ta te ti to tu, ja je ji jo ju, la le li lo lu. Kutoka kwenye vipande hivyo mtu anaunda *loja*, duka. Anaunda *luta*, mapambano. Hakuna aliyemwandikia maneno hayo ubaoni, kayatoa mwenyewe.

Wakati ule Brazili asiyejua kusoma hakuwa na haki ya kupiga kura, na haki hiyo ilirudi mwaka 1985. Maana yake kila aliyemaliza darasa la Angicos alikuwa mpiga kura mpya aliyezoea kuuliza "kwa nini". Jeshi lilipopindua serikali mwaka 1964, Freire alifungwa siku zipatazo 70, kisha akaishia uhamishoni, Bolivia halafu Chile. Nadhani wanajeshi wale walimwelewa kuliko sisi tunaosema alikuwa na mbinu nzuri ya kufundishia silabi.

Swali langu kwenu, hasa mlio darasani: mmewahi kufanikiwa kuyaunganisha haya mawili? Utamaduni wa mwanafunzi uingie darasani, na wakati huo huo aamke, ahoji, hata utamaduni wenyewe auhoji? Mimi nimeshindwa mara moja. Nataka nijaribu tena.

MZAZI WA WATATU

Mwalimu, nimekusoma mpaka mwisho na nimekuheshimu kwa kukiri. Naomba nitofautiane nawe kidogo.

Huyo binti wa dawati la mbele mimi simlaumu, na wewe usimsikitikie. Ameisoma dunia vizuri. Anajua kuna karatasi inamsubiri mwisho wa safari, na karatasi hiyo haina nafasi ya kuandika "nina swali". Watoto wangu watatu wakianza kuhoji kila kitu, halafu wenzao wakakariri na kufaulu, nani atawapokea? Hizi nadharia mara nyingi zinasemwa na watu ambao vyeti vyao viko kabatini tayari.

Na lugha je? Wapo wanaosema mtoto afundishwe kwa lugha anayoota nayo. Sawa, nakubali kwamba anaelewa zaidi, nimeliona kwa macho yangu. Lakini barua ya kazi inaandikwa kwa lugha nyingine. Nisipompa hiyo lugha nitakuwa nimemkomboa au nimemfungia nje?

Sikatai hoja. Naomba tu mtakapopanga mambo haya mumkumbuke mzazi ambaye hana fursa ya pili.

MWANAFUNZI WA UZAMILI

Mzazi, hofu yako ina historia nyuma yake, na ni historia ambayo wapenzi wa utamaduni, nami nikiwemo, huwa tunairuka.

Wakoloni wenyewe walishawahi kutaka elimu "inayolingana na utamaduni wa Mwafrika". Tume ya Phelps-Stokes, ya mfuko wa hisani wa Marekani ulioshirikiana na serikali ya kikoloni ya Uingereza, ilizunguka Afrika Mashariki mwaka 1924 ikapendekeza elimu iendane na mazingira ya vijijini: kilimo, kazi za mikono, afya. Ukiisoma haraka unaweza kuipigia makofi. Tatizo liko kwenye kilichodhaniwa bila kusemwa, kwamba huyu mtu atabaki pale alipo. Kwa hiyo wazazi wengi wa Kiafrika zama zile walipodai shule za masomo ya vitabu na Kiingereza, hawakuwa wajinga waliopotoshwa. Walikuwa wameshanusa mtego.

Afrika Kusini ndiko mtego ulikoonekana waziwazi. Mfumo ulioletwa na Sheria ya Elimu ya Wabantu ya mwaka 1953 ulisisitiza lugha ya mama katika shule za msingi. Lugha ya mama! Kitu ambacho leo tunakililia. Lakini iliwekwa ili mtoto mweusi asome kidogo, asome vyake, na asiufikie mlango wa mzungu. Verwoerd, aliyekuwa waziri wa mambo ya wenyeji, alisema wazi kwamba Mwafrika hana nafasi katika jamii ya wazungu juu ya ngazi ya aina fulani za kazi. Halafu miaka ya 1970 serikali ile ile ikaamuru baadhi ya masomo, hisabati ikiwemo, yafundishwe kwa Kiafrikaans, lugha ya Makaburu, na tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto wakaingia barabarani.

Ninachokitoa hapo ni hiki: utamaduni ukiwekwa darasani na mtu mwingine kwa niaba yako, unaweza kuwa uzio. Kwa hiyo naongeza swali kwenye la mleta uzi. Nani anachagua kipi kiitwe utamaduni wetu? Mzee wa ukoo? Wizara? Mwanamke aliyeozwa akiwa mtoto angeulizwa, angeandika orodha ile ile?

Amílcar Cabral, kiongozi wa vita vya kudai uhuru wa Guinea-Bissau na Cape Verde kutoka kwa Wareno, aliligusa hili akiwa vitani. Alisema ukombozi ni tendo la kiutamaduni, na bado alikataa kuutukuza utamaduni kwa jumla. Alitaka upepetwe: kinachomjenga mtu kibaki, kinachomkandamiza kiachwe. Na kwa Mzazi hapo juu, Cabral huyo huyo alitetea Kireno kitumike shuleni, kwa sababu alikiona ni chombo cha kazi. Baada ya uhuru Freire alialikwa Guinea-Bissau kusaidia kampeni ya kisomo katikati ya miaka ya 1970, kampeni ikaendeshwa kwa Kireno, lugha ambayo wananchi wengi hawakuizungumza. Matokeo yakawa hafifu sana. Hata mwalimu mkuu wa mwamko alikwama pale lugha ya darasa ilipokuwa si lugha ya vichwa vya watu. Kwa hiyo nakujibu, Mzazi: lugha ya kazi mtoto apewe, afundishwe vizuri kabisa, ila asilazimishwe kuitumia kama tochi yake ya kwanza ya kumulikia dunia.

MWALIMU WA HESABU

Nimejizuia nimeshindwa. Watu hudhani mjadala huu ni wa walimu wa historia na fasihi, sisi wa hesabu tukae pembeni kwa sababu mbili na mbili ni nne kila mahali. Ni kweli ni nne kila mahali. Lakini mtoto anayeamini kwamba hesabu zilibuniwa na watu wasiofanana naye anaingia darasani akiwa ameshashindwa nusu.

Niwaonyeshe kitu ninachokifanya na darasa langu, mjaribu hata leo kwenye karatasi.

Wachokwe wa mashariki mwa Angola wana sanaa inayoitwa sona. Mchoraji analainisha mchanga, anachovya ncha za vidole kuweka vitone vyenye nafasi sawa, safu kwa safu. Kisha kwa kidole kimoja anachora mstari unaopita katikati ya vitone, unazunguka na kurudi ulipoanzia, huku anasimulia hadithi. Wajuzi wa kazi hiyo waliitwa akwa kuta sona. Walivutiwa hasa na michoro inayokamilika kwa mstari mmoja tu bila kunyanyua kidole. Paulus Gerdes, mwanahisabati wa Msumbiji aliyefariki mwaka 2014, aliitafiti kwa miaka mingi.

Chukua aina moja, ile inayofanana na kusuka mkeka. Weka vitone safu 2, kila safu vitone 3. Mstari wako uende kimshazari kati ya vitone, ukifika ukingoni udunde kama mpira unavyodunda ukutani. Utarudi ulipoanza, na vitone vyote utakuwa umeshavizunguka. Mstari mmoja. Sasa weka 3 kwa 3. Utarudi ulipoanza mapema, na kuna vitone vimebaki. Unaanza mstari wa pili, halafu wa tatu, ndipo unamaliza. Jaribu 4 kwa 6: miwili. Jaribu 5 kwa 6: mmoja.

Mimi siwaambii kitu. Nawaacha wachore, wagombane, watengeneze jedwali. Kwa kawaida kipindi cha pili kuna mtoto anapiga kelele: "Mwalimu, ni KKS!" Na kweli, idadi ya mistari ni kigawo kikubwa cha shirika cha safu na vitone, yaani namba kubwa kuliko zote inayozigawanya zote mbili bila baki. Darasa zima hapo limeshainuka. Kabla ya hapo KKS ilikuwa kanuni ya kukariri, sasa ni kitu wamekikamata wenyewe kwa mikono.

Lakini mleta uzi, sehemu inayokuhusu wewe ilikuja baada ya hapo. Kijana mmoja akauliza kwa nini tunalijua jina la Pythagoras na hatujui jina hata moja la mchoraji wa sona. Nikamrudishia: unadhani kwa nini? Wakazungumza nusu saa. Mmoja akasema kwa sababu mchanga unafutika. Mwingine akasema mbona hata nyimbo hazishikiki na watunzi wake tunawajua. Wa tatu akauliza wachoraji walipatwa na nini. Hapo tukaingia kwenye biashara ya watumwa na utawala wa Wareno, jinsi vilivyozivunja jamii ambazo ujuzi huo ulikuwa unarithishwa. Kipindi cha hesabu hicho.

Angalizo moja, maana najua kuna watakaoshabikia kupita kiasi. Siwaambii wanafunzi kwamba Wachokwe walikuwa na KKS ya kitabuni. Sijui kwa nini tuwavishe nguo za mtu mwingine ndipo tuwaheshimu. Walikuwa na ujuzi wao, wa michoro gani inafunga kwa mstari mmoja na ipi haifungi, na huo unatosha kuheshimiwa ulivyo.

MLETA UZI

Mwalimu wa hesabu, nimechora 4 kwa 6 hapa nyuma ya karatasi ya mahudhurio. Miwili kweli. Asante sana.

Hiyo ya "unadhani kwa nini?" ndiyo niliyoikosa. Mimi niliwapa hasira yangu ikiwa imeshapikwa, wakaila kama walivyokula chakula cha wengine.

Mwanafunzi wa uzamili, suala la nani anachagua limenifanya nikumbuke Chuo Kikuu cha Nairobi, Oktoba 1968. Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe. Walishaona kwamba kuongeza waandishi wachache wa Kiafrika pembeni ya orodha hakutoshi. Walihoji kitovu ni wapi: kwa nini tusimame kwetu, tuanze na fasihi na lugha za hapa, simulizi zikiwemo, halafu tuwatazame Waingereza kutokea hapo kama tunavyowatazama wengine? Kusoma cha mgeni kulibaki. Mahali pa kusimama pakahama. Mzazi, nadhani hata hofu yako ya watoto kufungiwa nje inapata jibu la sehemu hapo.

MSTAAFU WA ELIMU YA WATU WAZIMA

Wanangu, nawasoma na kufurahi. Naomba niseme kidogo maana nilikuwepo.

Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, mimi nilikuwa kijana. Alisema elimu tuliyoirithi ilikusudiwa kuwaandaa watu kwa utumishi wa serikali ya kikoloni, na kwamba ilikuwa inamfundisha msomi kujitenga na wazazi wake. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walishiriki nchi nzima. Kikundi kinakaa na redio, kinasikiliza kipindi, mmoja anasoma kijitabu kwa sauti, kisha mnajadili na kuamua mtafanya nini.

Mimi nilikuwa kiongozi wa kikundi. Siku ya kipindi cha maji, redio ikasema maji yachemshwe. Nikasoma kijitabu, nacho kikasema yachemshwe. Nikauliza kama nilivyoelekezwa: je, tumeelewa? Wanaume wakaitikia ndiyo. Mama mmoja aliyekuwa amekaa nyuma na mtoto mgongoni akauliza: "Na kuni atatafuta nani?"

Watu walicheka kwanza. Yeye hakucheka. Akahesabu kwa vidole: maji tunayafuata mbali, kuni tunazifuata mbali upande mwingine, chungu ni kimoja, na kikishachemsha maji hakipiki. "Mmekubali ninyi, lakini kazi ni yangu." Nilikuwa na kijitabu mkononi na hakikuwa na ukurasa wa swali hilo. Nikakifunga. Tukazungumza hadi giza likaingia, na jioni ile ndiyo mara ya kwanza niliona wanaume wa kikundi changu wakigawiwa zamu ya kuni. Haikudumu kwa wote, nisiwadanganye. Lakini ilianza.

Nimelitafakari swali lile kwa miaka zaidi ya 50. Redio ilikuwa yetu, lugha yetu, serikali yetu. Wala hakukuwa na mkoloni pale. Na bado kama yule mama asingesema, tungemaliza kipindi na vema zetu, kama anavyosema mleta uzi, na maji yangebaki yale yale. Viongozi wenzangu wengine walikuwa wanawakatisha wenye maswali ili ratiba ya redio iendelee. Nami nilifanya hivyo mara nyingi, naungama.

Kwa hiyo ukinialika nichague kati ya utamaduni na kuhoji, nitasema huyo mama alivishika vyote viwili. Alihoji kwa Kiswahili cha jikoni kwake.

MZAZI WA WATATU

Shikamoo mzee wangu. Hilo la kuni limenipata, sina cha kuongeza.

Niseme ukweli wangu. Binti yangu wa kati akiniuliza "kwa nini" mara ya tatu huwa namwambia aache ubishi. Nimekuwa nikiwaandikia walimu humu kama vile kunyamazishwa kunaanzia shuleni.

MCHANGIAJI MPYA

Uzi mzito. Naongeza kidogo halafu naondoka.

Nilisoma shule ambayo ukikamatwa unaongea lugha ya nyumbani unavikwa kibao shingoni. Kukivua ni mpaka umsikie mwenzako naye akiongea, umvike yeye. Jioni aliyebaki nacho anachapwa. Baadaye nilishangaa kusoma kwamba watoto wa Wales walivishwa kibao hicho hicho karne ya 19, kimechongwa herufi W.N., na Wabretoni wa Ufaransa nao walikuwa na cha kwao. Kumbe hata watoto wa huko huko Ulaya, wa vijijini, walifanyiwa hivyo.

Watu huongelea uchungu wa viboko. Kilichobaki kwangu mimi ni kusikiliza. Nilikuwa na miaka tisa na nilijifunza kuwasikiliza rafiki zangu kwa lengo la kuwakamata. Rafiki yangu wa karibu akianza kusimulia kitu kizuri kwa lugha ya bibi zetu, moyo wangu ulikuwa unaruka kwa furaha, kwa sababu kibao kitahama. Hilo hakuna mtaala unaoliandika, na hakuna wiki ya utamaduni itakayolitoa.

Wamaori wa New Zealand walipoona lugha yao inakaribia kuzimika, mwaka 1982 walianzisha kōhanga reo, viota vya lugha. Wazazi na mabibi ndio walioviendesha, wao wenyewe wakiwa sakafuni na watoto wadogo, hawakusubiri shule iwaletee. Huwa nawaza hao mabibi. Wengi wao walichapwa utotoni kwa lugha ile ile waliyokuwa sasa wanaimba nayo. Natamani siku moja kuambiwa walizungumza nini usiku wa kwanza, watoto walipokwisha kwenda nyumbani.

MLETA UZI

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Mchangiaji mpya, nimekusoma mara nne, pole sana, na asante kwa kuliandika.

Jana nilikuwa na darasa lile lile. Sikuandika jibu lolote ubaoni. Niliandika neno moja: BARIDI.

Neno hilo limo kwenye kumbukumbu za safari za Rebmann mwenyewe. Mei 1848 aliona kitu cheupe kileleni. Anaandika kwamba kiongozi wake wa njia alikiita "beredi" tu, yaani baridi, lakini yeye Rebmann alitambua bila shaka kuwa ni theluji. Aliporipoti Ulaya, baadhi ya wasomi wa jiografia walimkatalia, wakasema theluji haiwezi kuwepo karibu na ikweta. Ilichukua miaka zaidi ya kumi hadi msafara mwingine, wa Baron von der Decken, ulipopanda sehemu ya mlima mwanzoni mwa miaka ya 1860.

Nikawasomea sentensi ile ya Rebmann, nikawauliza: katika habari hii, nani anajua nini? Nikakaa kwenye dawati la nyuma. Dakika mbili za kwanza zilikuwa ndefu kuliko miaka yangu 14. Kalamu ziko juu, zinasubiri. Halafu mmoja akasema kiongozi wa njia alikosea, hakulijua neno theluji. Mwingine akamkatalia: "Kama kwenu hakuna theluji, utaiitaje? Amesema ilivyo ukiishika." Mwingine akauliza kama Rebmann alijua Kiswahili vizuri kiasi cha kuelewa alichoambiwa, au alisikia neno moja katika kumi. Kijana wa mwisho dirishani, ambaye hajawahi kuongea mwaka huu, akasema kwamba wale wa Ulaya walimtendea Rebmann kama Rebmann alivyomtendea kiongozi wake: aliyekuwepo hakuaminiwa na asiyekuwepo.

Hilo mimi sikuwahi kuliona. Nimefundisha mada hii miaka 14.

Hawakuwa wote, niseme ukweli. Karibu nusu walikaa kimya, na wawili walinifuata baada ya kipindi wakitaka niwape "notisi zenyewe". Mzazi, nimewapa, kwa sababu mtihani upo na sitaki wao walipe gharama ya majaribio yangu. Ila chini ya notisi kila mmoja ameandika swali moja ambalo hana jibu lake. Yule binti wa dawati la mbele ameandika: "Huyo aliyesema baridi alisema na mambo gani mengine ambayo hayakuandikwa?"

Wiki ijayo mwalimu mwenzangu wa hesabu hapa shuleni anasafiri, nimeombwa nishike kipindi chake. Mwalimu wa hesabu, nataka niwapeleke nje kwenye mchanga. Nianze na vitone vingapi?

MWALIMU WA HESABU

Anza na 2 kwa 3, wafurahie kumaliza kwa mstari mmoja. Kisha wape 3 kwa 3 bila kuwaonya, waache wakwame. Wakikuuliza wamekosea wapi, usijibu. Na mwagie mchanga maji kidogo asubuhi, ukiwa mkavu sana vitone vinafukiwa na upepo kabla hawajamaliza kuhesabu.